Bitiruti, kahawa na mbigili: mmea upi humsaidia kweli mnyanyua vyuma?

Makopo ya unga wa mimea yanayouzwa kwenye jimu na mitandaoni huahidi nguvu. Ukisoma maandishi yake utakuta bitiruti, kahawa ya kijani, mbigili, uwatu, ashwagandha (mmea wa tiba asilia ya India) na chai ya kijani, mara nyingine vyote ndani ya kopo moja. Kwa mtu anayenyanyua vyuma, ni miwili tu kati ya mimea hiyo yenye ushahidi wa kutegemewa: bitiruti, kwa sababu ya naitreti, kemikali ya asili iliyomo, na kahawa, kwa sababu ya kafeini. Mwaka 2018 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko la wataalamu kuhusu virutubisho vya wanamichezo, na orodha ya vile vinavyoinua utendaji moja kwa moja ilikuwa fupi: kafeini, kriatini, naitreti, beta-alanini na baikaboneti ya sodiamu.

Hata hivi viwili, naitreti na kafeini, usivitarajie vikuongezee kilo nyingi kwenye uzito wa juu kabisa unaoweza kuunyanyua mara moja. Faida yake huonekana zaidi pale unapofanya marudio mengi hadi misuli ikatae: rudio moja au mawili zaidi katika kila seti, au chuma kupanda kwa kasi kubwa kidogo. Anayetafuta zaidi ya hapo anatafuta kilichomo kwenye mazoezi, chakula na usingizi.

Bitiruti inavyofanya kazi

Naitreti ya bitiruti ikishamezwa huingia kwenye damu, kisha sehemu yake hurudishwa mdomoni kupitia mate. Bakteria wanaoishi juu ya ulimi huigeuza kuwa naitraiti. Ukimeza mate hayo, mwili huigeuza naitraiti kuwa naitriki oksaidi, gesi inayotanua mishipa ya damu na kusaidia misuli ijikunje kwa nguvu. Nyuzi za misuli za aina ya haraka, zile zinazotumika unaposukuma mzigo mzito, ndizo zinazoelekea kunufaika zaidi.

Safari hiyo ndefu ndiyo inayoeleza kwa nini wengi hunywa juisi na wasione chochote. Kosa la kwanza ni muda. Naitraiti hufika kileleni kwenye damu saa 2 hadi 3 baada ya kunywa, kwa hiyo anayekunywa juisi akiwa anavaa viatu vya mazoezi amechelewa. La pili ni dawa ya kusukutua mdomo yenye kuua vijidudu, hasa yenye klorheksidini. Huwaua wale bakteria wa ulimi, na naitreti hubaki naitreti. Kupiga mswaki kwa dawa ya kawaida ya meno hakuna shida, ila siku ya kunywa bitiruti dawa ya kusukutua iache.

La tatu ni kipimo. Kiasi kinachotumika katika tafiti nyingi ni miligramu 300 hadi 600 za naitreti kwa mara moja. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, uliochapishwa mwaka 2009 na kuivutia dunia ya michezo kwenye bitiruti, uliwapa washiriki nusu lita ya juisi kwa siku, yenye naitreti ya karibu miligramu 340. Huo ulihusu baiskeli. Kwa upande wa vyuma, jaribio lililochapishwa mwaka 2016 liliwapa wanaume 12 waliozoea mazoezi naitreti ya miligramu 400 kila siku kwa siku 6. Walisukuma chuma wakiwa wamelala, kwa asilimia 60 ya uzito wa juu kabisa walioweza kuunyanyua mara moja, na jumla ya mzigo walioinua ilipanda kwa karibu asilimia 19. Ni matokeo makubwa, lakini watu 12 ni wachache, na majaribio mengine yameona mabadiliko madogo zaidi au hayakuona kitu. Usijenge matumaini yako juu ya asilimia hiyo 19.

Ukitengeneza nyumbani, osha bitiruti mbichi, menya, katakata na usage kwa blenda kwa maji kidogo kadiri inavyowezekana, kisha chuja. Lenga nusu lita ya juisi nzito. Naitreti ya zao hili hutofautiana sana kwa udongo, mbolea na msimu, kwa hiyo nusu lita ya leo huenda isilingane na ya wiki ijayo. Ndiyo maana ni vema kunywa kwa siku 3 hadi 6 mfululizo kabla ya shindano badala ya kutegemea glasi moja. Ukiichemsha, naitreti nyingi huhamia kwenye maji. Ukiyamwaga umemwaga ulichokuwa unakitafuta. Mchicha na majani mengine ya kijani nayo yana naitreti kwa wingi, na kwa mtu asiye mshindani sahani ya mboga hizo kila siku ni mwanzo mzuri na wa bei nafuu.

Rangi isikudanganye. Wekundu wa bitiruti unatokana na kemikali nyingine kabisa, hivyo unga mwekundu sana unaweza kuwa na naitreti kidogo sana. Kopo lisiloandika miligramu za naitreti kwa kila kipimo halikupi taarifa unayoihitaji.

Kunywa juisi ikiwa mbichi, au iweke kwenye friji na uimalize ndani ya siku moja. Ikikaa kwenye joto, vijidudu huigeuza naitreti kuwa naitraiti humo humo ndani ya chupa. Usimpe mtoto mchanga, maana naitraiti huizuia damu yake kubeba oksijeni. Mkojo na choo kuwa vyekundu baada ya kunywa si hatari. Mwenye mawe ya figo aepuke kunywa mara kwa mara, kwa kuwa bitiruti ina oksaleti nyingi, kemikali inayochangia mawe hayo, na anayetumia dawa za presha au za moyo aongee kwanza na daktari wake, kwani juisi hii nayo hushusha presha.

Kafeini: kidogo kinatosha

Kipimo kilichochunguzwa zaidi ni miligramu 3 hadi 6 kwa kila kilo ya uzito wa mwili, dakika 60 hivi kabla ya mazoezi. Mtu wa kilo 70 anapata miligramu 210 kwa kipimo cha chini. Kikombe kikubwa cha kahawa iliyochujwa, mililita 240, kina wastani wa miligramu 95, kwa hiyo viwili vinakaribia hapo. Anza hata chini zaidi, miligramu 2 kwa kilo, uone mwili unavyopokea. Kufikia miligramu 9 kwa kilo hakuongezi faida. Kunaongeza mapigo ya moyo, kutetemeka na tumbo kuvurugika. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya inahesabu miligramu 400 kwa siku kuwa kikomo salama kwa mtu mzima mwenye afya, na 200 kwa mjamzito.

Kafeini hubaki mwilini kwa muda mrefu: nusu yake huwa bado ipo baada ya takriban saa 5. Anayefanya mazoezi saa 1 usiku na kunywa kahawa kabla yake anakopa nguvu kutoka kwenye usingizi wa usiku huo huo, na misuli hujengeka mtu akilala vizuri. Kwa mazoezi ya jioni ni afadhali bitiruti.

Unga wa kafeini tupu usiuguse kabisa. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, imeonya kwamba kijiko kimoja cha chai cha unga huo ni sawa na vikombe 28 hivi vya kahawa. Kiasi hicho kinaua.

Mbigili na wenzake

Mbigili, ule mmea utambaao ambao miiba yake hutoboa matairi ya baiskeli, huuzwa ukidaiwa kuongeza testosteroni, homoni ya kiume. Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti uliofanywa kwa wachezaji 22 wa raga wa Australia: waliopewa miligramu 450 za mbigili kwa siku kwa wiki 5 hawakuwapita wenzao waliopewa vidonge visivyo na dawa yoyote, si kwa nguvu wala kwa misuli. Mtu mwenye afya haongezewi homoni na mmea huu.

Ashwagandha ina habari ya kati. Jaribio moja la India la mwaka 2015, kwa miligramu 300 mara mbili kwa siku kwa wiki 8, lilionesha ongezeko la nguvu kwa vijana walioanza mazoezi. Lakini watu kadhaa wameumia ini baada ya kuitumia, na Denmark iliipiga marufuku mwaka 2023. Kwa faida isiyo na uhakika, ini ni gharama kubwa mno. Dondoo kali za chai ya kijani nazo zina tatizo hilo la ini, tofauti na chai yenyewe ya kunywa.

Protini ya mimea ni jambo jingine, na hapa habari ni njema. Lengo ni gramu 1.6 kwa kilo ya mwili kwa siku. Kwa kilo 70 ni gramu 112. Gramu 100 za soya iliyopikwa zina protini ya gramu 18 hivi, maharage yaliyopikwa karibu 9. Utafiti wa Brazil wa mwaka 2021 ulionesha kuwa vijana wasiokula chochote cha wanyama, wakifikia kiasi hicho kwa msaada wa unga wa soya, walijenga misuli na nguvu sawa na wala nyama.

Kilichofichwa ndani ya kopo

Neno “asilia” si kinga. Februari 2003 mchezaji wa besiboli Steve Bechler wa Baltimore Orioles alikufa kwa kupandwa na joto mwilini, na kirutubisho chenye mmea wa efedra kikatajwa miongoni mwa vilivyochangia. Mwaka 2004 Marekani ikapiga marufuku virutubisho vya efedra. Higenamini, kichangamshi kinachopatikana kwenye mimea kadhaa, imo kwenye orodha ya vitu vilivyokatazwa ya WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa haramu michezoni, na mwanamichezo ndiye anayewajibika kwa chochote kitakachokutwa kwenye mkojo wake, hata kama hakikuandikwa kwenye kopo.

Kwa hiyo mshindani anunue tu bidhaa yenye alama ya Informed Sport au NSF Certified for Sport, zinazoonesha kuwa imepimwa kama ina vitu vilivyokatazwa, na aithibitishe namba ya toleo kwenye tovuti ya alama hiyo. Kopo lenye maneno “mchanganyiko maalumu” bila kiasi cha kila kiungo lirudishe dukani. Ukiona macho ya manjano, mkojo mweusi kama chai ya rangi, au mapigo ya moyo yasiyotulia, acha kutumia siku hiyo hiyo, nenda hospitali, na ubebe kopo lenyewe ili daktari aone kilichoandikwa.