Andika alichosema shahidi kabla ya kuuliza ameona nini

Mwaka jana vijana sita wa hapa Tanga walinijia wakitaka tuunde chama cha kuchunguza vitu visivyotambulika angani. Katiba walishaiandika na mweka hazina walishamchagua. Mimi ni mpima hali ya hewa, kutazama anga ndiyo kazi inayonilisha, nami nikakubali siku ileile. Niliwaomba jambo moja tu: katiba ingoje, kwanza tutengeneze karatasi ya mahojiano.

Sababu yangu ni Kenneth Arnold. Tarehe 24 Juni 1947 rubani huyo wa Marekani aliripoti kuona vitu tisa vikipita kwa kasi kubwa karibu na mlima Rainier. Kwa maelezo yake, vilikwenda kama sahani iliyorushwa juu ya maji, vile watoto wetu wa Raskazone wanavyorusha vigae vikadunda baharini. Alikuwa akieleza mwendo. Magazeti yakaandika umbo, na baada ya siku chache watu wakawa wanazungumzia visahani vinavyoruka. Kisha wengi wakaanza kuona visahani kweli. Kila nikikumbuka kisa hicho naumia, maana yule mtu alieleza vizuri, ila waliompokea hawakumsikiliza.

Jeshi la Anga la Marekani lilikuwa na miradi yake ya kupokea taarifa hizi. Wa mwisho, Blue Book, ulifungwa mwaka 1969 ukiwa na taarifa 12,618, na 701 kati yake zilibaki bila maelezo. Lakini jeshi huuliza kwanza kama kitu ni hatari kwa nchi. Mtu aliyekiona ana maswali mengine, na hayo yalihitaji raia wenzake.

Ndipo Januari 1952 Coral Lorenzen na mumewe Jim wakaanzisha APRO, chama cha raia cha kuchunguza vitu hivi, huko Sturgeon Bay, mji mdogo wa jimbo la Wisconsin. Walikusanya simulizi za mashahidi na kutoa jarida lao wenyewe. Mwaka mmoja baadaye jopo la wanasayansi lililoitishwa na CIA, shirika la ujasusi la Marekani, liliitaja APRO kwa jina, likashauri vikundi vya namna hiyo viangaliwe. Watu wanakusanya simulizi za majirani, na serikali inawawekea jicho! Kwa hiyo siwashangai walioanza kushuku kila neno la wakubwa.

NICAP, chama kingine cha raia cha namna hiyo, ilizaliwa Washington Oktoba 1956, mwanzilishi wake Thomas Townsend Brown. Mambo ya fedha yakaisumbua mapema, na Januari 1957 Donald Keyhoe, meja mstaafu, akashika uongozi. Yeye alivuta watu wazito. Hata Roscoe Hillenkoetter, aliyewahi kuongoza CIA, aliingia kwenye bodi. Nguvu nyingi ilikwenda katika kuibana serikali ifungue mafaili na kulitaka Bunge lisikilize madai yao. Ujasiri wake nauheshimu, lakini vijana wangu nimewaambia wazi kwamba mimi niko upande wa Coral. Vita na wakubwa huwala watu, na shahidi wa jana anasahaulika.

Msimu wa kusi uliopita tulimpata nahodha mmoja wa boti ya dagaa pale Deep Sea, msuli wake bado umelowa maji ya chumvi.

"Mjomba," akaniambia, "ile taa imetufuata toka Ulenge mpaka tunaingia bandarini."

Kijana aliyeshika karatasi akauliza saa. "Saa kumi na nusu alfajiri." Akaandika 10:30. Nilipoiona moyo ulinipiga: atakayeisoma baada ya miaka miwili angeichukulia kuwa saa ya simu, akatafuta nyota za saa nne na nusu. Tofauti ni saa sita nzima, na kwa saa sita anga huwa limegeuka kabisa. Tangu siku ile karatasi yetu ina nafasi mbili, ya saa ya Kiswahili na ya saa ya simu, na shahidi anathibitisha zote.

Kisha nikamwomba nahodha aelekee baharini, anyooshe mkono na kunipimia kimo kwa ngumi. Ngumi ya mkono ulionyooshwa hukaribia digrii kumi. Alipanga mbili juu ya upeo, mashariki. Sikumdokezea kitu. Akaendelea mwenyewe: nyeupe, haina mlio, ilizimika mara mbili ikawaka tena.

Nyumbani niliangalia programu ya nyota. Sayari ya Zuhura ilikuwa palepale. Kitu kilicho mbali kiasi hicho hakibadili upande hata boti iende maili kadhaa, kwa hiyo unakiona kama kinakuandama. Mawingu ya kusi yakipita mbele yake yanakizima na kukiwasha. Nilirudi kumweleza. Alinyamaza, kisha akasema ng'andu, yaani hiyo Zuhura, anaijua tangu utotoni, lakini usiku ule ilikuwa kubwa. Hilo nalo tuliliandika kama alivyolisema.

Sasa tuna taarifa tisa. Nyingi tumezielewa: taa za wavuvi wa dagaa zilizonyanyuliwa na mazigazi, safu ya setelaiti za Starlink, kimondo kimoja kikali. Moja bado iko wazi. Mama mmoja wa Tongoni aliona mwanga uliotulia juu ya mikoko kwa muda wa kama dakika saba, kisha ukasogea kushoto. Taa moja peke yake gizani huonekana kutembea hata ikiwa imesimama, kwa sababu jicho halina cha kuilinganisha nacho. Lakini mama huyu anasema ulitoka upande mmoja wa mnazi ukapita hadi upande wa pili.

Jumamosi tunarudi Tongoni na dira. Ameahidi kutuonyesha alipokuwa amesimama, na mnazi wenyewe.