Boga la Halloween: tunayoambiwa na yaliyo kweli

Kila ikifika Oktoba huku Marekani, msimu wa Halloween, ile sikukuu ya mizimu ya Oktoba 31, maboga yaliyochongwa nyuso yanajaa kwenye vibaraza, na maneno yanakuwa yaleyale, eti mila hii ni ya tangu na tangu, ndivyo mababu walivyokuwa wakifanya. Sio hivyo.

Kwanza eti boga la kuchonga uso limetoka Ireland. Kuchonga ndio kumetoka huko, boga hapana. Waairishi walikuwa wanachonga tanipu, mboga ya mizizi ya duara, walivyokimbia njaa miaka ya 1840 wakakuta huku kuna boga, kubwa halafu rahisi kuchonga, wakahamia hilo. Boga lenyewe ni la bara hili, mbegu zilizokutwa pango la Guilá Naquitz kule Oaxaca, Mexico, zina karibu miaka 10,000, yaani wenyeji walishakuwa wakulima wa maboga maelfu ya miaka kabla mzungu hajatia nanga. Na hao ndio hawatajwi kabisa, inaniuma kwa kweli.

Pai ya boga nayo wanasema ililiwa 1621 huko Plymouth, makazi ya walowezi Waingereza, kwenye Sikukuu ya Shukrani (Thanksgiving) ya kwanza. Pai ya kuokwa wangeitoa wapi, unga wa ngano na siagi havikuwepo, oveni hakuna. Boga huenda walikula, pai hapana. Sikukuu yenyewe Rais Lincoln aliitangazia taifa zima 1863, vita vya wenyewe kwa wenyewe vimepamba moto, baada ya mhariri Sarah Josepha Hale kuipigania miaka mingi. Karne hiyohiyo watu walikuwa wanahamia mijini viwandani, shamba wameliacha nyuma wanalikumbuka, na kumbukumbu hiyo ndiyo iliyolipa boga heshima yote hii. Mimi sioni ubaya wa kukumbuka kwenu, ila tusiseme ni mila ya kale.

Na ile kahawa ya msimu ya maduka ya Starbucks, wanayoiita ya viungo vya boga, ilianza 2003 bila boga ndani, boga kidogo likaingia 2015. Harufu ile ni mdalasini, tangawizi, kungumanga na karafuu, mtu wa Pemba akinusa tu anajua.

Boga la kopo pia sio lile la rangi ya chungwa la kibarazani, mengi yanalimwa Illinois, aina ya Dickinson, ganda lake kahawia hafifu. La kuchonga linalika ila lina maji na nyuzinyuzi, utamu kidogo, ndio maana Novemba yanatupwa kwa wingi, mbegu nazo humohumo wakati ukizikaanga na chumvi ni tamu sana. Ukitaka la kupika chukua yale madogo ya pai.