Kisima chako na choo cha jirani wa juu: maswali na majibu kuhusu maji ya ardhini Mbeya

Jiji la Mbeya limekaa kwenye mteremko. Anachomwaga wa juu, kule kuelekea mlima Loleza, kina siku yake ya kumfikia wa chini. Mji umekunywa maji ya chemchemi na vijito vya milimani miaka mingi, na siku hizi nyumba nyingi zina kisima uani kwa ajili ya siku ambazo bomba halitoi. Maswali haya huulizwa zaidi mvua za Novemba zinapoanza.

Maji ya kisima changu ni maangavu, hayana harufu wala ladha. Si yako salama?

Hujui mpaka yapimwe. Vimelea vya kipindupindu, homa ya matumbo, kuhara damu na homa ya ini aina ya A na E havionekani kwa macho, na havibadilishi rangi ya maji. Maabara hutafuta bakteria aitwaye E. koli, anayeishi kwenye utumbo wa watu na wanyama. Akionekana hata mmoja katika mililita 100 za maji, maana yake kinyesi kimepata njia ya kufika kisimani. Pima wakati wa kiangazi, kisha pima tena baada ya mvua kubwa. Kisima kilichofaulu Agosti kinaweza kufeli Januari.

Lakini udongo si unachuja?

Unachuja, ila kwa masharti. Maji yakipita taratibu kwenye udongo mzito, bakteria wengi hunaswa au hufa njiani. Udongo wa majivu ya volkano na mawe mepesi, kama ule wa Uyole na upande wa Rungwe, hupitisha maji haraka. Mwamba wenye nyufa ni mbaya zaidi, kwa sababu maji hukimbia ndani ya ufa bila kuchujwa na chochote.

Ndiyo maana umbali wa mita 30 kati ya choo cha shimo na kisima, ambao wataalamu huutaja mara nyingi, uhesabiwe kuwa mwanzo tu. Kitako cha shimo nacho kiwe angalau mita moja na nusu juu ya usawa wa maji ya ardhini, na usawa huo upimwe mwishoni mwa masika, maji yanapokuwa yamepanda. Kisha angalia mteremko. Kisima kikae upande wa juu wa choo. Hapo ndipo penye ugumu kwenye mitaa iliyobanana: choo chako umekiweka vizuri, chini ya kisima chako, lakini kiko juu ya kisima cha jirani. Maji ya ardhini hayajui mpaka wa kiwanja. Kwa maoni yangu, kabla ya fundi kuanza kuchimba, nyumba tatu au nne za mteremko mmoja zikae pamoja na afisa afya wa kata, zioneshane vyoo, makaro na visima vyote.

Kisima chenyewe pia kikaguliwe pale juu, maana uchafu mwingi huingilia mdomoni. Ukuta uinuke kutoka ardhini, mfuniko ufunge, sakafu ya zege isiwe na ufa, na mfereji upeleke mbali maji yanayomwagika. Ndoo ya kutekea iwe moja, itundikwe. Ikishalazwa kwenye tope walikopita kuku na kurudishwa kisimani, mita zote 30 zimekuwa kazi bure.

Mashamba ya viazi na mahindi yanahusikaje?

Mbolea ya nitrojeni isiyotumiwa na mmea huyeyuka na kuzama na mvua ikiwa nitrati. Vyoo na mazizi huongeza nitrati hiyohiyo. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 kwa lita, hasa kwa ajili ya watoto wachanga wanaotengenezewa maziwa ya kopo kwa maji hayo. Damu yao hushindwa kubeba oksijeni vizuri, na midomo na kucha huwa za bluu. Ukiona hivyo, kimbilia kituo cha afya. Mtoto anayenyonya maziwa ya mama pekee miezi sita ya mwanzo haguswi na hatari hii.

Mimi huchemsha. Inatosha?

Kwa vimelea, ndiyo. Mbeya mjini iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Bado vimelea hufa. Yaache yatokote vizuri kwa dakika moja, yapoe yakiwa yamefunikwa, na uyachote kwa kata yenye mpini. Ukitumia dawa ya klorini, chuja kwanza maji yenye tope, fuata kipimo cha kwenye chupa na usubiri dakika 30.

Kwa nitrati, hapana. Kuchemsha hupunguza maji na kuiacha nitrati, kwa hiyo huizidisha. Mafuta ya magari na dawa za shambani nazo usitegemee jiko liziondoe.

Oili chafu ya gereji?

Isimwagwe ardhini wala mtaroni. Ikusanywe kwenye pipa na kukabidhiwa kwa wanaoichukua kihalali. Maji ya ardhini yakishanuka mafuta, kuyasafisha huchukua miaka.

Nani anasimamia vyanzo vya mji?

Bodi za maji za mabonde. Ya Ziwa Rukwa ina ofisi Mbeya, ya Ziwa Nyasa iko Tukuyu, ya Rufiji iko Iringa. Kisima kirefu huombewa kibali huko. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, bwawa au ziwa. Ukiona mtu analima hadi ukingoni, anza na mwenyekiti wa mtaa.

Tuna kisima cha zamani hatukitumii. Tukifanye shimo la taka?

Hapana kabisa. Hiyo ni njia ya moja kwa moja hadi kwenye maji wanayochota wengine, bila udongo wowote wa kuchuja katikati. Toeni kilichotupwa humo, jazeni mawe na mchanga safi, kisha shindilieni udongo wa mfinyanzi sehemu ya juu na kufunika kwa zege. Asishuke mtu ndani bila mtaalamu, kwa kuwa hewa ya kisima kilichofungwa huua.