Je, wajua kwa nini raga ya watu 13 ina mbio kuliko ya watu 15?

Ukitaja "Union" kijiweni Ngamiani, Tanga, kila mtu anajua unawasema Coastal Union, Wagosi wa Kaya, mabingwa wa kandanda wa Tanzania wa mwaka 1988. Ukitaja "ligi", utaulizwa wako nafasi ya ngapi. Basi mtu wa Tanga akisikia rugby union na rugby league, hudhani hiyo ni klabu na mashindano yake. Kumbe ni michezo miwili ya raga yenye sheria tofauti: union huchezwa na watu 15 kila upande, league na watu 13. Ile ya watu 7 iliyowapa Kenya ubingwa wa Singapore mwaka 2016 ni mtoto wa union.

Mpira ni wa umbo la yai kotekote, pasi ya mkono haiendi mbele, na uwanja hauachani sana na wa kandanda: mita 100 hivi kutoka mstari wa goli hadi wa pili, upana mita 68. Tofauti imelala kwenye swali moja. Mwenye mpira akiangushwa, mpira ni wa nani?

Kwa watu 13, ni wake bado. Waliomkaba wanamwachia, anasimama, anauweka mpira chini na kuusukuma nyuma kwa mguu, mwenzake anauokota na shambulio linaendelea. Wapinzani wawili tu ndio wanaoruhusiwa kubaki pale, wakimkabili moja kwa moja. Wengine wote warudi mita 10. Anayeingilia mchezo kabla hajarudi ameotea, na hiyo ni penalti. Timu ina nafasi sita za kuangushwa, ya sita ikikamilika mpira unakwenda upande wa pili. Kwa hiyo baada ya anguko la tano kwa kawaida utaona teke, la mbali kama wako kwao, la juu kama wamekaribia goli.

Sasa jiweke upande wa wanaokaba. Kila anguko ni mita 10 kinyumenyume, kisha mbio mbele kukutana na mtu wa kilo 100. Maanguko matano ya kwanza ni hadi mita 50 za kurudi nyuma, na za kwenda mbele hujazihesabu. Ndiyo maana wakabaji hupenda kumlalia aliyeanguka kwa sekunde moja zaidi: sekunde hiyo ndiyo inayowapa wenzao nafasi ya kurudi na kujipanga. Refa akiona wanazidisha, anapuliza filimbi. Macho ya watazamaji huwafuata wakimbiaji, lakini mechi nyingi za watu 13 huamuliwa hapo chini, kwenye kulaliana. Timu inayoinuka upesi huikuta safu ya ulinzi ingali inarudi, na mtu anayerudi kinyumenyume hana nguvu ya kukaba.

Kwa watu 15, mpira ukishafika chini ni wa atakayeuwahi. Aliyeangushwa lazima auachie. Aliyemwangusha lazima amwachie na ajiviringishe pembeni. Anayefika akiwa amesimama kwa miguu yake, na ametokea upande wa kwao, anaweza kuushika. Wakishafungamana wawili juu ya mpira, mmoja kutoka kila timu, hiyo ni raki: mikono marufuku, kazi ni kusukumana, isipokuwa yule aliyekwisha kuushika kabla raki haijafungamana. Kipengele hicho ndicho kinachowachanganya wageni, maana wanaona wawili wameinama vilevile, mmoja anasifiwa, mwingine anaadhibiwa. Na hakuna kurudi mita 10. Mstari wa kuotea uko kwenye mguu wa nyuma kabisa wa raki, hivyo wakabaji wako pale pale, usoni mwako.

Nafasi ikiwa finyu namna hiyo, kukimbia tu hakutoshi, na hapo ndipo raga ya watu 15 inapokuwa na mambo mengi. Unapiga mpira nyuma ya ukuta. Ukiupiga kutoka nusu yako ukadunda uwanjani kisha ukatoka pembeni ndani ya mita 22 za mwisho za upande wa wapinzani, tangu mwaka 2021 kurusha ni kwenu. Mpira wa kurushwa huo hugombewa hewani, mrukaji akiwa amenyanyuliwa na wenzake. Akishashuka nao, wanaweza kumzunguka na kusukuma kwa pamoja, wima, hadi mstarini. Skramu, yaani wachezaji wa pande mbili waliofungamana kuugombea mpira, ni wanane kwa wanane, wanasukumana kwelikweli. Kwa watu 13, skramu ni sita kwa sita na mara nyingi ni kuegemeana tu, mpira wa kurusha haupo, na mwenye mpira akizuiwa wima anahesabiwa kuwa ameangushwa.

Miili nayo inafuata kazi. Katika timu ya Afrika Kusini ya Kombe la Dunia la 2023, Eben Etzebeth wa mita 2.03 alicheza timu moja na Faf de Klerk wa mita 1.72. Kwa watu 13 wachezaji hufanana zaidi, kwa sababu karibu kila mmoja lazima akimbie, akabe na arudi.

Tatizo la mambo yote hayo ya watu 15 ni muda. Skramu ikiporomoka inaanza upya, inama, shika, ingia, na dakika nzima inaweza kuyeyuka. Katika dakika 80, mpira wa watu 15 huwa hai kwa dakika 35 hivi. Bei ya pointi nayo inachangia: trai, yaani kuugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa goli wa wapinzani, ni 5 na penalti ni 3, hivyo nahodha haoni taabu kusimamisha mchezo na kumwita mpigaji. Fainali ya 2023 Afrika Kusini waliwashinda New Zealand 12 kwa 11 bila trai hata moja, penalti nne tupu. Kwa watu 13 trai ni 4 na penalti 2, kwa hiyo penalti nne zingekuwa sawa na trai mbili tu, na mara nyingi unaona heri kuendelea kushambulia.

Chanzo cha yote ni hela. Mwaka 1895 klabu za kaskazini mwa Uingereza zilijitenga, mjini Huddersfield, kwa sababu wachezaji wao walikuwa watu wa migodini na viwandani na walitaka kufidiwa ujira wa siku waliyokosa kazini. Kibarua wa bandarini hahitaji kuelezwa zaidi. Fidia ilitoka mlangoni, na mlangoni watu hawalipi kutazama rundo la wanaume wameinamiana. Basi kurusha mpira kukafutwa mwaka 1897, na mwaka 1906 wachezaji wakapunguzwa hadi 13. Kikomo cha kuangushwa kilikuja baadaye sana, mara nne mwaka 1966, kisha sita mwanzoni mwa miaka ya 1970, maana kabla yake timu iliweza kuukumbatia mpira hadi watu wakasinzia.

Ukitaka kuyaona haya kwa macho, nenda ufukweni Raskazone, Tanga, maji yakitoka, mchanga ukiwa mgumu, sita kwa sita. Kuguswa kwa mikono miwili kuwe badala ya kuangushwa. Raundi ya kwanza, aliyeguswa anauweka mpira chini, mwenzake anauokota, wakabaji wanarudi hatua 10. Baada ya seti tatu za miguso sita mtakuwa mnahema. Raundi ya pili, aliyeguswa anauachia na anayeuwahi ndiye mwenye mpira. Karibu wote mtauvamia mpira, na kule pembeni patabaki wazi, mtu mmoja anapunga mikono akiomba pasi.