Maana ya skeli: kwa nini kifaru cha 1:56 huwekwa na askari wa milimita 28

Skeli ni uwiano kati ya kitu halisi na mfano wake. Boksi la modeli likiandikwa 1:72, sentimita 1 ya modeli ni sawa na sentimita 72 za gari lenyewe. Namba ya pili ikiongezeka, modeli inapungua, kwa hiyo 1:100 ni ndogo kuliko 1:56. Hiyo ni hesabu ya darasani. Kwa anayecheza vita vya kihistoria mezani, kazi huanza kifaru kinaposimamishwa kando ya askari.

Askari hawauzwi kwa uwiano. Visanamu hupimwa kwa milimita: 15, 20, 28. Namba hiyo ni kimo, lakini watengenezaji hawakubaliani kimo kinaishia wapi. Wengine hupima kutoka wayo hadi machoni, kwa kuwa kofia ya chuma huficha utosi. Wengine hupima hadi utosini. Chukua mtu wa mita 1.75 ambaye macho yake yako kama mita 1.6 kutoka ardhini. Kama milimita 28 zinaishia machoni, uwiano ni takriban 1:57. Zikiishia utosini, ni kama 1:62. Kwa hiyo "milimita 28" si skeli hasa, ni jina la familia ya visanamu vinavyokaribiana. Mazoea yameshazipa familia hizo magari yake: 1:56 kwa milimita 28, 1:100 kwa milimita 15, na 1:72 au 1:76 kwa milimita 20.

Tena visanamu vya milimita 28 kwa kawaida huchongwa vinene. Vichwa na viganja hukuzwa ili rangi ishike na sura ionekane kwa mbali, na bunduki huwa nene kama gogo ili isivunjike. Juu ya hapo kisanamu husimama kwenye kitako cha milimita 2 au 3, wakati kifaru kinakaa juu ya meza yenyewe. Mweke askari huyo kando ya gari dogo la wazi la 1:56 lililoundwa kwa vipimo sahihi kabisa, utaona kama amesimama kando ya gari la watoto. Hapo hakuna aliyekosea hesabu. Ndiyo sababu wapo wanaochagua 1:50 au 1:48 kwa malori na magari madogo. Nami nakubaliana nao, kwa magari yenye milango tu. Mlango ndio hakimu: mshike kisanamu mbele yake ujiulize kama angeweza kuingia na kuketi nyuma ya usukani. Kwa vifaru nabaki na 1:56, kwa sababu vya 1:48 hula nafasi ya meza na kufanya mitaa ionekane finyu.

Usiamini namba ya boksi bila rula. Magari ya kuchezea ya zamani mara nyingi yalitengenezwa yaenee kwenye boksi, hivyo gari dogo na basi la abiria vilitoka na urefu unaokaribiana. Skeli nyingine zilirithiwa kutoka reli za mfano: 1:76 na 1:43 zote zimetoka huko. Tafuta vipimo vya gari halisi, gawanya, kisha pima. M4A1 Sherman, kifaru cha Marekani, ilikuwa na urefu wa mita 5.84 na upana wa mita 2.62. Katika 1:56 unatarajia milimita 104 kwa 47, katika 1:72 milimita 81 kwa 36. Mimi huanza na upana. Urefu hudanganya, maana vitabu vingine huhesabu mtutu wa mzinga na vingine huishia kwenye bodi. Tiger I, kifaru cha Wajerumani, ina bodi ya mita 6.3 hivi, lakini ukijumlisha mtutu inafika mita 8.45.

Tofauti ndogo ya skeli husameheka kati ya magari ya aina mbalimbali. Haisameheki kati ya mapacha. Sherman ya 1:48 ikisimama sambamba na ya 1:56 inaizidi urefu kwa zaidi ya milimita 17, na jicho huliona hilo kabla ya mkono kushika rula.

Halafu kuna usahihi ambao rula haiugusi: mwaka. T-34/85, kifaru cha Kisovieti chenye mzinga wa milimita 85, iliingia vitani mwanzoni mwa 1944, kwa hiyo haina nafasi katika mchezo wa mapigano ya Kursk, Urusi, ya Julai 1943, hata ikiwa imechongwa vizuri namna gani. Anayetaka Kursk atafute T-34 yenye mzinga wa milimita 76. Panzer IV, kifaru cha Wajerumani, katika mchezo wa vita vya Ufaransa vya 1940 iwe na mtutu mfupi, kwani mtutu mrefu ulikuja 1942. Kosa ninaloliona zaidi ni la Zimmerit, ule utando wenye mikunjo uliopakwa kwenye deraya za Wajerumani kuanzia nusu ya pili ya 1943 ili mabomu ya sumaku yasishike. Modeli nyingi za Tiger huja nao umechongwa tayari, na watu huzipaka rangi ya jangwani na kuzipeleka Tunisia, ambako mapigano yaliisha Mei 1943. Tiger 131, iliyotekwa huko Aprili mwaka huo, imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la vifaru la Bovington, Uingereza. Ubavu wake hauna hata mkunjo mmoja wa Zimmerit.