Uchunguzi wa maiti ya mwanamke: unavyofanywa na umuhimu wake

Uchunguzi wa maiti, au postmotamu, ni kazi ya daktari ya kuukagua mwili wa marehemu nje na ndani ili ijulikane amekufa kwa nini. Sheria ya Tanzania ya mwaka 1980 kuhusu uchunguzi wa vifo inagusa vifo vya kikatili na visivyojulikana sababu.

Daktari huanza na nguo, kucha na michubuko. Panapokuwa na shaka ya kubakwa, sampuli huchukuliwa kwa pamba kabla ya maji kugusa mwili, na ndiyo sababu ndugu huombwa wasitangulie kumwosha. Kisha hupasua kuanzia mabegani, kisu kikipita chini ya matiti, hadi kinenani. Shingoni misuli hufunuliwa tabaka kwa tabaka, maana mwanamke aliyekabwa anaweza asiwe na alama yoyote juu ya ngozi.

Kwa aliye katika umri wa kuzaa, jibu wakati mwingine limo nyongani. Kizazi hupimwa na kufunguliwa kuona kama palikuwa na mimba. Mirija na ovari hukaguliwa. Binti aliyelalamika tumbo asubuhi akafariki jioni huweza kukutwa na tumbo lililojaa damu, mrija mmoja umepasuka kwa mimba iliyotunga nje ya kizazi. Asipochunguzwa, mtaani husemwa karogwa, na jirani asiye na hatia hubeba lawama miaka na miaka.

Kifo kinachotokana na uzazi huhesabiwa hadi siku 42 baada ya mimba kumalizika. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikadiria vifo 104 kwa kila vizazi hai 100,000, lakini makadirio hayo hutokana na kuwauliza watu habari za ndugu zao, na mama aliyekufa nyumbani kwa donge la damu mapafuni wiki tatu baada ya kujifungua ni rahisi kusahaulika.

Hofu ya ndugu kwamba stara ya marehemu itavunjwa naiheshimu. Hapa Tanga akinamama ndio humwosha mwenzao. Mwili hushonwa, hufunikwa na kukabidhiwa, nao humwosha na kumvika sanda kama kawaida. Wanaofuata mwili mochwari ya hospitali ya Bombo wachukue kadi ya kliniki ya marehemu na dawa alizokuwa akitumia, na wamweleze daktari mara ya mwisho alipoona siku zake.