Msimbo Usio na Leseni Si wa Kila Mtu

Kila jioni ya mihadhara ya bure kuhusu zana za programu huria, wasemaji wakimaliza, hunijia mtu ameshika kompyuta yake akitaka nione alichojenga. Mara nyingi kazi ni nzuri kweli. Namuuliza maktaba hii ya katikati, yaani msimbo ulioandikwa na mwingine, ameitoa wapi. "GitHub," yaani tovuti ambako watu huhifadhi na kushirikiana misimbo. Leseni yake, ruhusa ya maandishi ya kuitumia, je? "Haina leseni, kwa hiyo haina masharti."

Hapana! Ni kinyume chake kabisa. Nimelisema hili kwa mdomo mara nyingi mno, sasa naliandika.

Hakimiliki haiombwi. Chini ya Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, kazi hulindwa mara tu inapoandikwa, bila kusajiliwa popote na bila alama yoyote. Marekani ilichelewa kujiunga: hadi tarehe 1 Machi 1989, kazi iliyochapishwa huko bila tangazo la hakimiliki iliweza kupoteza ulinzi wake, na nashuku imani hii potofu ni mabaki ya enzi hizo. Leo hazina, yaani mahali mradi wa msimbo unapohifadhiwa, isiyo na faili la leseni maana yake mwenyewe ameshikilia haki zote. Usipoiona leseni, hujaiona ruhusa.

"Lakini si ameuweka msimbo hadharani mwenyewe?" Ndiyo, ameuweka. Masharti ya GitHub yanawapa watumiaji wengine ruhusa ya kuutazama msimbo ulio wazi na kuunakili ndani ya GitHub yenyewe. Kuuchomoa hapo ukauingiza kwenye programu unayosambaza au kuuza ni jambo jingine, na hilo hukuruhusiwa. Kama unauhitaji, mwandikie mwenye hazina, umwombe aweke leseni. Wengi walisahau tu, nao huiweka siku hiyohiyo. Asipojibu, tafuta maktaba nyingine.

Leseni ya MIT naipitia haraka kwa sababu ni fupi, isome mwenyewe. Inakuruhusu kutumia, kunakili, kubadili, kusambaza, hata kuuza. Sharti lake ni kwamba tangazo la hakimiliki na maneno ya ruhusa vibaki katika nakala zote au sehemu kubwa za programu. Na bado watu wanayafuta! Mtu amekupa kazi ya miaka, akaomba tu jina lake libaki ndani ya faili, nawe unalifuta ili msimbo uonekane wako. Hilo linaniudhi kuliko yote ninayoyaandika hapa.

GPL, leseni nyingine ya programu huria, ndiyo inayotisha watu bila sababu. Naambiwa inakataza biashara. Richard Stallman, aliyeianzisha, alikuwa akiuza kanda za Emacs, programu yake ya kuhariri maandishi, kwa dola 150 katikati ya miaka ya 1980. Naambiwa pia ukiigusa tu lazima uanike msimbo wako wote. Si kweli. Ukiibadili programu ya GPL ukaitumia ndani ya ofisi yako, humdai wala hudaiwi. Wajibu unaanza unapompa mtu mwingine programu hiyo: apate na msimbo chanzo wake, kwa masharti yaleyale. Ukiiendesha kwenye seva na watu wakaitumia kwa mtandao, GPL ya kawaida haikudai kitu. Ni AGPL, leseni ndugu yake, inayodai, pale unapokuwa umeibadili.

Kuna mahali ambapo mimi mwenyewe nasita. Programu yako inaiita maktaba ya GPL wakati wa kuendeshwa tu, bila kuunganishwa nayo mapema: je, ni kazi moja au mbili? Free Software Foundation, shirika linalotoa GPL, inasema ni moja. Wapo wanasheria wanaopinga, na hoja za pande zote mbili zina uzito kwangu. Nikiulizwa jukwaani sitoi hukumu. Vipande vya msimbo vya Stack Overflow, tovuti ya maswali na majibu ya programu, navyo viko chini ya Creative Commons BY-SA, leseni inayodai umtaje mwandishi na usambaze kwa masharti yaleyale, lakini mistari mitatu ambayo kila mtu angeiandika vilevile sidhani ina hakimiliki. Mstari wa ngapi ndipo inapoanza? Hakuna namba ya kushika.

Wewe utakayezungumza jioni ijayo, weka faili la LICENSE kabla hujaonyesha kiungo cha hazina yako ukutani, maana wasikilizaji wanaanza kunakili ukiwa bado unaongea. Ukitaka kila mtu achukue, MIT inatosha. Ukitaka wanaosambaza maboresho wayatoe wazi vilevile, chukua GPL. Ukihofia hataza, yaani haki za uvumbuzi, leseni ya Apache 2.0 ina kifungu chake. Kisha angalia maktaba ulizozitumia ndani: msimbo wa Apache 2.0 unakubaliwa na GPL toleo la 3, ila kwa msimamo wa Free Software Foundation haupatani na mradi ulio chini ya toleo la 2 peke yake, na hapo ndipo miradi mingi mizuri hukwama.